Ngome ya Yesu na Deni la Damu



Kutoka Tanga hadi Mombasa ni safari ya siku moja: unavuka mpaka pale Horohoro, kisha mkono wa bahari kwa kivuko cha Likoni. Juma hili tuliifanya safari hiyo pamoja na wanakwaya wetu. Tulipita vichochoro vya Mji wa Kale hadi Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Kuta zile zina habari inayotupasa kuitafakari. Mwaka 1614 mfalme Hassan wa Mombasa aliuawa kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, akiwa mtoto, alipelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kukikalia kiti cha baba yake. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni Mreno na kuurudia Uislamu. Wakristo waliokataa kuikana imani, Wareno kwa Waafrika, waliuawa. Hao ndio Mashahidi wa Mombasa.

Tunawaheshimu, na ni haki. Lakini tusiisahau damu iliyotangulia. Yusuf alifundishwa sala na watu wa taifa lile lile lililomwua baba yake. Maji ya ubatizo humtakasa anayebatizwa. Hayafuti deni la aliyemdhulumu.

Basi, ndugu wapendwa, kabla ya kumwalika jirani kanisani, tumrudishie kwanza shamba tulilomnyang'anya.

Mungu awabariki.