NDOO MPYA INANUKA? KWANZA ULIZA HARUFU NI YA NANI

Leo siasa tuziweke kando kidogo, tuongelee ndoo.

Nilinunua ndoo mpya ya lita 20 yenye koki pale Bukoba mjini, nikampelekea bibi yangu Muleba. Ndoo hizi mnazijua, zilijaa majumbani na maofisini wakati wa Marburg mwaka 2023, kila mlango na ndoo yake ya kunawia. Bibi yeye akaamua kuwekea maji ya kunywa. Siku ya tatu simu ikaita: "Mjukuu wangu, chai yangu inanuka duka!"

Kabla sijajibu akaongeza la pili: mjomba naye kanunua dumu lililotumika, bei poa, nalo linanuka, je watumie dawa ileile? Hapo ndipo nikashtuka. Jamani, hizo ni harufu mbili tofauti kabisa.

HARUFU YA UPYA

Plastiki ikitoka kiwandani inabaki na masalia ya kemikali zilizotumika kuitengeneza. Masalia hayo yanatoka taratibu kama mvuke, ndiyo harufu unayoisikia. Ndoo zikipangwa moja ndani ya nyingine zikafungwa na nailoni, mvuke unakosa pa kwenda. Kwa hiyo dawa kubwa ni hewa, joto na muda:

1. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pamoja na kifuniko na koki. Usimimine maji yanayochemka, plastiki nyingine inapinda.

2. Weka magadi soda (ile ya unga, ya mandazi) vijiko 4 vya chakula kwenye lita 2 za maji vuguvugu. Sugulia ndani, funga, geuza upande huu na huu, acha usiku kucha. Asubuhi suuza.

3. Harufu ikibaki, tumia siki: kipimo 1 cha siki kwa vipimo 4 vya maji, acha masaa kadhaa, suuza. Usichanganye siki na magadi soda kwa pamoja. Povu linapendeza macho, lakini vinauana nguvu.

4. Anika kifuniko kikiwa wazi, saa chache kwa siku, siku 2 au 3. Usiisahau juani wiki nzima, jua kali linafanya plastiki ikatike. Najua mtasema Bukoba jua la kuomba. Basi iweke barazani penye upepo.

5. Mvua ikigoma kuacha, funga vipande vya mkaa mkavu kwenye kitambaa, weka ndani ya ndoo kavu, funika siku 2 au 3. Mkaa unanasa harufu.

Jaribio la mwisho: jaza maji safi, funika, lala. Asubuhi nusa na onja kidogo. Maji yakinuka, rudia. Wiki mbili zikipita bado, ifanye ndoo ya kufulia.

ONYO: dawa ya klorini ya kutolea madoa usiichanganye kamwe na siki wala limao. Inatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu.

HARUFU YA MTU MWINGINE

Sasa tuje kwenye dumu la mjomba. Kule visiwani Muleba, Goziba na kwingineko, injini za mitumbwi zinakunywa petroli, na petroli inasafiri kwenye madumu. Mashambani nako kuna madumu ya viuatilifu. Yakiisha kazi mengine yanaoshwa na kuuzwa kama ya maji.

Madumu mengi ni ya polithini, na polithini hutokana na mafuta ghafi au gesi. Petroli na plastiki hii ni ndugu, hivyo petroli inapenya mpaka ndani ya ukuta wa dumu, mahali ambapo sabuni haifiki. Unaosha leo linanukia limao, kesho maji yananuka petroli. Ukuta unarudisha ulichokunywa.

Viuatilifu ni hatari zaidi, maana vingine havinuki sana. Harufu ikiisha, sumu inaweza kuwa bado ipo. Kanuni ya FAO na WHO iko wazi: chombo cha kiuatilifu kisuuzwe mara 3, maji hayo yaingie kwenye bomba la kunyunyizia, kisha kitobolewe kisitumike tena kwa maji wala chakula. Hata lubisi, usiweke humo!

Dumu la mafuta ya kula ni afadhali, maji ya moto kiasi na sabuni vinatosha kuondoa utelezi na uchachu.

Kwa hiyo ukinunua dumu la zamani, uliza lilibeba nini. Muuzaji akisita, acha. Kwenye chombo kipya tafuta alama ya glasi na uma, maana yake kimetengenezwa kwa chakula.

Mjomba alinuna, hela yake imeshatoka. Lakini wajukuu ndio wangekunywa yale maji, na yeye alilijua hilo. Dumu limerudi kubeba petroli, limeandikwa kwa rangi nyekundu. Ndoo ya bibi ilipona siku ya tano. Anasema chai sasa inanukia chai.

Wadau wa Kamachumu, Nshamba, Kashai na Hamugembe, nyie mnatumia nini? Tupieni maoni hapo chini. Naomba kuwasilisha.