Kiwanda cha Mhunzi katika Kaya Mpya

Fundi akihamia nyumba mpya hutafuta pa kufanyia kazi kabla hajatandika kitanda. Pale Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, mahali hapo leo huitwa gereji au karakana, maneno mageni yote mawili: la kwanza asili yake Ulaya, la pili Uajemi. Sisi tunalo neno la zamani, kiwanda, ambalo kabla ya kupewa majengo makubwa ya nguo na saruji lilimaanisha mahali popote fundi anapofanyia kazi yake.

Katika Usukuma, kiwanda kilichohitaji uangalifu kupita vyote kilikuwa cha mhunzi. Chuma chenyewe kiliyeyushwa na Warongo wa pande za Geita na Buzinza, na majembe yao yalifika hadi Unyamwezi, yakatumika hata kulipia mahari. Uyeyushaji ulififia chuma cha Ulaya kilipoenea wakati wa ukoloni. Uhunzi haukufa, kwa kuwa vyuma vikuukuu vilipatikana. Katika makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, nyumba ya mhunzi imepewa nafasi yake.

Mahali pa kiwanda hapakuchaguliwa ovyo. Cheche haziamini paa la nyasi. Kwa hiyo moto uliwekwa mbali na nyumba, upande ambao upepo hauzipelekei. Hata hivyo kivuli kilikuwa cha lazima, maana mhunzi huhukumu joto kwa rangi. Juani, chuma kilichokwisha kuiva huonekana bado cheusi, naye akizidi kuvukuta atakiunguza. Kati ya mivukuto ya ngozi na makaa uliwekwa mrija wa udongo, ngozi zisiungue. Jiwe la fuawe lilizikwa nusu ardhini lisiyumbe chini ya nyundo.

Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 watu wa Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Meatu, walihamishwa kwa wingi. (Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012.) Kaya za Wasukuma zilikuwa zimetawanyika, kila moja na ua wake wa minyaa; vijiji vipya aghalabu vilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Hebu msomaji afikirie mhunzi aliyepewa kiwanja katika mstari huo. Mivukuto na koleo atabeba. Je, jiwe? Na paa la nyasi la jirani, hatua chache upande uendako upepo? Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1973 serikali iliunda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kwa maoni yetu, kiwanda kidogo kuliko vyote, kile cha uani, kilistahili kupimiwa nafasi pamoja na nyumba na shamba.

Mafundi walijitafutia nafasi wenyewe. Kazi haikukosekana katika nchi ya pamba na plau: kunoa, kunyoosha, kuunda mikokoteni ya ng'ombe kwa ekseli za magari mabovu. Nyuma yao yalibaki matongo. Katika tongo la mhunzi, ua ukiisha kukatwa na kuta kumomonyoka, mavi ya chuma bado huonekana udongoni, vipande vyeusi, pale pale moto ulipokuwa.