Tetemeko la Ziwa Kivu, 2008: Funzo kwa Gasenyi na Bujumbura

Gasenyi ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, Burundi. Kama jiji zima, umo katika Bonde la Ufa la Magharibi, ambako ardhi inatengana polepole. Kwa hiyo, yaliyotokea Ziwa Kivu mwaka 2008 yanawahusu pia wafanyabiashara wa hapa.

Athari

Jumapili, Februari 3, 2008, saa 3:34 asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga kaskazini mwa Bukavu, mji ulio kilomita 110 hivi kutoka Bujumbura. Zaidi ya watu 30 walikufa Rwanda, wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na wachache Kongo. Baadhi yao waliangukiwa na kuta za makanisa wakiwa ibadani. Mamia walijeruhiwa. Mitetemeko ilirudi kwa siku kadhaa, na Februari 14 likaja jingine lenye nguvu.

Misaada

Serikali na Msalaba Mwekundu walishughulikia majeruhi na waliokosa makazi. Mahitaji makubwa yalikuwa mahema, mablanketi na dawa, kisha saruji na mabati ya kujengea upya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia Bukoba, Tanzania, Septemba 10, 2016: tetemeko la 5.9 liliua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Kinachoua zaidi ni ukuta wa tofali usio na nondo. Ghala au duka la aina hiyo ni hatari kwa wafanyakazi na kwa mali.

1. Bidhaa nzito zikae chini, si juu ya rafu.

2. Soma mkataba wa bima. Mara nyingi bima ya moto haigusi hasara ya tetemeko mpaka ulipie nyongeza.

3. Nakala za hati za forodha zihifadhiwe nje ya ghala.

4. Usitegemee njia moja. Barabara ya Cibitoke na Ruhwa kuelekea Rwanda na ile ya Uvira na Kamanyola zote hufuata bonde la Rusizi. Tena, Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda kwa sababu za kisiasa. Mpaka ukifungwa, lori la misaada nalo hukwama kama la biashara.

Tetemeko halitabiriki. Matayarisho hufanywa kabla.