Kilichotokea Mkongeni Baada ya Kima cha Chini cha 1963

Januari 1, 1963, Jamhuri ya Tanganyika ikiwa haijatimiza hata mwezi mmoja, viwango vipya vya kima cha chini cha mshahara vilianza kutumika nchini. Mfanyakazi mtu mzima wa Dar es Salaam hakupaswa tena kulipwa chini ya shilingi 150 kwa mwezi. Mashambani viwango vilikuwa chini ya hapo, lakini nako vilipanda. Viwango hivyo vilitokana na kazi ya bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth, mwanasiasa wa Chama cha Labour cha Uingereza. Bodi hiyo ilitoa ripoti yake mwaka 1962, mwaka ambao Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Kwa wengi, uhuru ulikuwa umeanza kuonekana mfukoni.

Mwaka huohuo takwimu za serikali zikaonyesha jambo jingine. Walioajiriwa kwa mshahara walikuwa karibu 400,000 mwaka 1962. Mwaka 1963 walibaki karibu 340,000. Watu kama 60,000 walikuwa wametoka kwenye orodha za waajiri ndani ya mwaka mmoja.

Ukiitazama hesabu hiyo peke yake, kesi imekwisha: mshahara umepandishwa, kazi zimepotea. Mimi naamini kesi haijakwisha, na ushahidi wake uko mkongeni, maana huko ndiko sehemu kubwa ya watu hao walikokuwa.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoiagiza kutoka Florida ilikuwa 1,000. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, Kilosa na Lindi, na kufikia uhuru mkonge ulikuwa zao la kwanza la Tanganyika kwa fedha za kigeni. Wafanyakazi wake walizidi 100,000. Hakuna zao jingine nchini lililoajiri wengi hivyo kwa mshahara.

Wengi wao walikuwa manamba, vibarua waliotoka mbali. Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Warundi na Wanyarwanda, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wenye mashamba walikuwa na chama chao, na katika miaka ya 1940 chama hicho kikaunda ofisi ya kuajiri, SILABU, iliyowakusanya vijana mikoani na kuwasafirisha hadi pwani kwa mkataba. Hapo pana jambo ambalo msomaji wa uchumi asilipite haraka. Wenye mashamba hawakugombania wafanyakazi kwa kuzidishiana mshahara. Walikaa pamoja wakakubaliana. Soko la kazi likawa na mnunuzi mmoja mwenye majina mengi, na bei ya kazi aliipanga yeye.

Malipo yenyewe yalipitia kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Mkata mkonge aliingia shambani alfajiri, akayakata majani ya chini kwa kisu, akaondoa mwiba wa nchani, akayafunga majani 30 kwa kila fungu, kisha akayabeba mafungu yake hadi kwenye reli ndogo, ambako matoroli yaliyapeleka korona kusagwa ili yatoke nyuzi. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku yake iliandikwa kwenye kadi. Asipoimaliza, nafasi ilibaki tupu. Mshahara ulitoka nafasi zote 30 zikijaa, na alipewa wiki kadhaa za kuzijaza. Kwa hiyo mtu alifanya kazi siku tatu au nne kwa wiki, siku nyingine akalima mahindi yake, akapumzika au akaugua. Ili korona isisimame, shamba lilihitaji kuandikisha watu wengi kuliko waliohitajika kwa siku moja. Orodha ilikuwa ndefu, kazi ya kila mtu ilikuwa nusu, na mshahara ulitosha mtu mmoja asiye na mke wala watoto wa kuwalisha pale kambini. Familia ilibaki kijijini, na kijiji ndicho kilicholipa gharama za kuzaa, kulea na kuwauguza wafanyakazi wa mkonge. Mwajiri hakuwahi kuiweka gharama hiyo kwenye vitabu vyake.

Mfumo huo ulikuwa umeanza kutikisika kabla ya uhuru. Mgomo wa shamba la Mazinde mwaka 1958 ulionyesha kuwa watu wa kipande wanaweza kujipanga, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kikapata nguvu ya kukaa mezani na wenye mashamba. Mshahara ukaanza kupanda kwa makubaliano. Amri ya 1963 iliukuta mlango umekwisha kufunguka nusu, ikaumalizia.

Mwenye shamba aliyelazimishwa kulipa zaidi hakuona tena sababu ya kuweka watu wawili wa nusu kazi. Alimchukua mmoja mwenye afya, akampa kazi ya mwezi mzima, akampimia zaidi kwa siku, na yule wa pili akamwambia arudi kwao. Kipande kikafa. SILABU nayo ikakosa kazi, kwa kuwa watu waliokuwa tayari pale pale Tanga walitosha. Cha ajabu ni kwamba mkonge haukupungua. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000, zaidi ya miaka iliyotangulia, na watu wachache zaidi. Hesabu ya vichwa ilishuka sana. Hesabu ya siku za kazi ilishuka kidogo kuliko hivyo. Takwimu ya ajira haitofautishi mtu wa siku 12 na mtu wa siku 26, wote ni mmoja. Ndiyo maana nasema inasomwa vibaya.

Waliobaki walipata walichoahidiwa. Kipato chao kilipanda haraka kuliko bei za dukani, wengi wakaleta wake na watoto, na kambi zikaanza kufanana na vijiji. Hilo ni jema, na sitaki lipunguzwe na yeyote. Lakini yule wa pili yupo pia. Kijana wa Kigoma aliyekuwa akishuka pwani, akijaza vipande vyake na kurudi na fedha ya mahari, ya kodi na ya bati, alikuta njia imefungwa. Fedha iliyokuwa ikipanda magharibi kila mwaka ikakauka. Kwenye meza ya majadiliano hakuwa na mtu. Mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, na mwaka uliofuata TFL ikavunjwa, chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikachukua nafasi yake chini ya chama tawala. Hata hivyo, chama huru kingemtetea nani? Vyama hutetea walio kazini.

Kisha soko la dunia likageuka. Bei ya mkonge iliyokuwa juu sana mwaka 1963 ilianza kuporomoka mwaka 1964, na kufikia 1967 ilikuwa chini ya nusu. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia mashambani Ulaya na Marekani. Mashamba yakafungwa, watu wakapunguzwa kwa maelfu, na mwaka 1967 serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba hayo. Wanaoulaumu mshahara kwa kifo cha mkonge wanachanganya mambo mawili yaliyofuatana. Mshahara ulipunguza watu wakati bei ikiwa nzuri na uzalishaji ukipanda. Kilichoua mkonge kilitengenezwa viwandani ng'ambo.

Serikali nayo ilijifunza, labda kupita kiasi. Mwaka 1967 Profesa H. A. Turner, aliyetumwa na Shirika la Kazi Duniani, alionya kuwa mishahara imekimbia mbali na kipato cha mkulima, na sera ikawekwa kuwa nyongeza isizidi asilimia 5 kwa mwaka. Azimio la Arusha lilikuwa limesema jambo la aina hiyohiyo: watu wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Jirani zetu Nairobi, wachumi John Harris na Michael Todaro walichapisha mwaka 1970 hoja iliyopata umaarufu duniani, kwamba mshahara wa mjini ukipanda, watu wanaoacha vijiji kuja kuutafuta wanaweza kuzidi kazi zilizopo. Tanganyika ilikuwa imeonyesha upande wa pili wa hoja hiyo: mshahara wa shambani ukipanda, mhamiaji hubaki kijijini bila fedha, na hakuna anayemwandika kama asiye na kazi.

Leo nyongeza zimerudi kuwa habari ya Mei Mosi. Mwaka 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma Tanzania kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na sekta binafsi ina amri zake kwa kila aina ya kazi. Mabishano ni yaleyale: je, ajira zitapungua? Ni swali halali, lakini kwa nchi yenye vibarua wengi namna hii halitoshi. Wajumbe wa bodi za mishahara, kabla hamjatangaza kiwango, ulizeni kila mtu kwenye orodha anafanya kazi siku ngapi kwa mwezi, na anayeachwa atatoka wilaya gani. Bodi ya 1962 ilipanga mshahara wa anayebaki. Ya anayeondoka hayakupangwa na mtu, na Kigoma iliyalipa.