Maji ya mwili

Maji ya mwili ni vimiminika vyote alivyo navyo binadamu: damu, limfu, mate, nyongo, machozi, jasho, mkojo, na yale mengi yasiyoonekana yaliyomo ndani ya seli. Mwanamume wa kilo 70 ana lita zipatazo 42. Theluthi mbili zimo ndani ya seli pamoja na potasiamu. Theluthi moja iko nje, pamoja na sodiamu, ambayo imo katika chumvi tunayotia kwenye mboga. Mtoto mchanga ni maji karibu robo tatu ya uzito wake, naye huishiwa maji upesi kuliko mtu mzima.

Chumvi inapokwenda, maji hufuata. Mtu anayesukuma baiskeli iliyosheheni mchele na mawese kati ya Kabambare na Kasongo, mkoani Maniema nchini Kongo, anaweza kutoka jasho zaidi ya lita moja kwa saa jua likiwaka. Damu yake hukolea. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, hutambua hali hiyo mapema, ikaleta kiu na kutoa homoni ya vasopresini inayoziambia figo zibane maji. Figo huchuja lita 180 hivi kwa siku, lakini kwa kawaida mkojo hauzidi lita moja na nusu au mbili. Msukumaji huyo akikojoa jioni, mkojo ni kidogo na manjano yake yameiva. Si ugonjwa, anywe maji, ale ugali na mboga yenye chumvi.

Utumboni ndiko kwenye hatari kubwa. Kila siku hupita humo lita 8 hadi 9, nyingi zikiwa za mwili wenyewe, na karibu zote hufyonzwa tena. Sumu ya kipindupindu hulazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi bila kukoma. Sodiamu na maji hutoka nayo. Mgonjwa mzima anaweza kuharisha lita moja kwa saa, choo kikiwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, naye akafa siku hiyohiyo. Ugonjwa huu si mgeni Maniema. Ule ulioipiga Unguja mwaka 1869 na 1870 uliingia bara pamoja na misafara, na msafiri David Livingstone alipata habari zake akiwa amekwama Kabambare kwa vidonda vya miguu.

Hata hivyo, sumu hiyo haifungi mlango mmoja: ule unaopitisha sukari na sodiamu kwa pamoja. Maji huvifuata. Ndiyo kazi ya ORS, yaani maji ya sukari na chumvi, dawa ya bei ndogo iliyookoa maisha mengi kuliko dawa nyingi za gharama. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia kwa wakimbizi wa Bangladesh kambini Bangaon, India, dripu zilipokwisha, na vifo vikapungua sana.

Pakiti ya ORS ikikosekana, chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo kila anapoharisha, hata akitapika, wala usimwachishe ziwa. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya huku ukiendelea kumnywesha kama bado anameza.