Kodi ya Mwimbaji

Filamu ya The Fabulous Baker Boys nimeitazama mara nne, na mara tatu za kwanza nilikuwa upande wa Jack. Nani hayuko upande wa Jack? Ni Jeff Bridges, anavuta sigara, hasemi mengi, na vidole vyake vina jazi ambayo hajathubutu kuipeleka popote. Kaka yake Frank, anayeigizwa na Beau Bridges (hao ni ndugu kweli, toka nitoke), ndiye anayetafuta kazi, anayehesabu pesa, na anayerudia mzaha uleule kwenye maikrofoni kila usiku. Hata kipara chake hukipulizia rangi. Tunamcheka tu.

Mara ya nne niliitazama na mjomba wangu, aliyepiga kinanda kwenye hoteli za Pwani miaka mingi. Hakumcheka Frank hata kidogo. Tulipofika pale meneja anawalipa pesa za siku mbili na kuwaomba wasirudi siku ya pili, mjomba akasema, "Huyo angalau amelipa." Usiku huo nikaanza kusoma.

Filamu ilitoka 1989, imeandikwa na kuongozwa na Steve Kloves, na hadithi yake iko Seattle. Ndugu wawili, piano mbili, launji za hoteli. Kazi zinapungua, wanatafuta mwimbaji. Anakuja Susie Diamond (Michelle Pfeiffer, na ile sauti ni yake mwenyewe), amechelewa, ana mdomo, lakini anaimba. Kazi zinarudi. Yeye na Jack wanapendana vibaya, kisha kila kitu kinavunjika. Filamu inataka tuamini kwamba shida ni moyo wa Jack, kwamba ni mwoga. Sawa. Lakini hebu tuulize launji yenyewe ilitoka wapi.

Marufuku ya pombe ilipoisha Marekani mwaka 1933, jimbo la Washington halikufungua milango yote. Bia na divai zilikubaliwa, ila pombe kali kwa glasi haikuruhusiwa mpaka wapiga kura walipoamua hivyo 1948. Kabla ya hapo, mwenye kiu ya wiski usiku alielekea klabu za Jackson Street, ambako polisi walijifanya hawaoni. Ray Charles alifika Seattle mwaka huohuo wa 1948, kijana wa miaka 17, akapata kazi kwenye klabu za mji huo. Huko ndiko alikokutana na Quincy Jones, ambaye bado alikuwa mwanafunzi. Kwa hivyo launji ya hoteli yenye kokteli na piano, ile dunia ya kina Baker, haikuwa ya kale Seattle. Filamu ilipotoka ilikuwa na miaka kama arobaini tu.

Halafu kuna kodi, na hapa ndipo nilipoinuka kitini. Mwaka 1944, katikati ya vita, serikali ya Marekani ilipandisha kodi ya kabareti hadi asilimia 30, na baada ya miezi michache ikaishusha hadi 20. Ilitozwa kwenye bili ya mteja pale palipo na dansi au mtu anayeimba. Ala peke yake hazikutozwa. Sasa jifanye wewe ndiye mwenye baa. Mpiga piano akipiga kimya kimya, bili ni ileile. Mtu akisimama kuimba, kila mteja anaongezewa sehemu ya tano. Utamwajiri nani? Kumbi za dansi zikafungwa, bendi kubwa zikatawanyika, na jamaa wa piano kwenye kona akawa biashara nzuri. Kodi ilishuka hadi asilimia 10 mwaka 1960, ikafutwa 1965, lakini kufikia wakati huo watu walikuwa wameshazoea kukaa nyumbani na televisheni. Kwa hivyo Frank anaposema wanahitaji mwimbaji, anapiga hesabu ileile ya wenye baa wa 1944, ila kinyume.

Na mashine je? Miaka ileile ya 1980, kampuni ya Muzak, iliyokuwa ikiuza muziki wa kuchezwa chinichini hotelini na madukani bila mwanamuziki yeyote, ilikuwa na makao makuu Seattle. Mji uleule! Filamu haiitaji. Mjomba yeye hoteli moja ilimtoa kwa kuweka spika ukutani, na mshahara wa mwezi wa mwisho anaungoja hadi leo.

Ile sehemu ya gauni jekundu nakubali, ni tamu. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, Susie juu ya piano, kamera ya Michael Ballhaus inawazunguka, wimbo ni wa 1928. Frank hayupo, mtoto wake ameumia na yeye amekimbia nyumbani. Siku zote nilidhani uzuri wote ule uliwezekana kwa sababu Frank ameondoka. Mjomba akauliza, "Na hiyo hoteli nani aliwatafutia?"

Mwishoni Frank anafundisha watoto piano nyumbani kwake. Jack anakwenda kumwona, na kabla ya kuagana wanapiga wimbo mmoja wa zamani, hakuna mteja, hakuna meneja. Mjomba akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye ukingo wa meza.