Nyumba kwa Nyumba: Nusu Karne ya Jumuiya Ndogo Ndogo

Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati, kupitia shirikisho lao la AMECEA lililoanzishwa mwaka 1961, walikutana Nairobi kupanga Kanisa la miaka ya 1980. Parokia zilikuwa kubwa mno, mapadre wachache, na vigango vingi vilikaa muda mrefu bila Misa. Mjini kulikuwa na tatizo lake: mtu aliweza kusali Jumapili kanisa likiwa limefurika, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga bila hata mmoja kumuuliza jina. Wakaamua maisha ya Kanisa yajengwe katika vikundi vidogo vya majirani wanaofahamiana, yaani jumuiya ndogo ndogo. Mwaka 1976, Nairobi tena, wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji.

Hawakuwa wa kwanza, kwani maaskofu wa Kongo walishaielekea njia hiyo tangu 1961. Tanzania nako Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliupokea kwa moyo wote Ujamaa, siasa ya kuishi na kufanya kazi pamoja vijijini, akaenda kuishi na wanakijiji. Mwaka 1995, baada ya Sinodi ya Afrika, Papa Yohane Paulo II naye alizitilia mkazo jumuiya hizi katika waraka wake Ecclesia in Africa.

Maazimio hayo yalihitajika, lakini kilichozidumisha jumuiya ni yale yanayotendeka uani kwa watu. Sala huzunguka nyumba kwa nyumba, mara nyingi Jumamosi alfajiri. Mwenye nyumba amekwishafagia, ametandika mkeka, na juu ya kijimeza kilichofunikwa kitambaa cheupe ameweka msalaba, mshumaa na Biblia. Anayeingia anasema, "Tumsifu Yesu Kristo," anaitikiwa, anasogezewa nafasi. Injili husomwa, na jumuiya nyingi hufuata zile hatua saba zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: neno lililomgusa mtu hurudiwa kwa sauti, kisha watu hunyamaza kwa muda.

Halafu yanakuja maombi ya kila mmoja. Hapo ndipo aliyekaa kimya wiki nzima hutamka kwamba ameachishwa kazi, au mwanawe hapokei simu, au tangu mumewe azikwe hajalala vizuri. Wote huitikia. Kabla ya kutawanyika mwenyekiti hupanga nani atapita kwake Jumanne, nani atampelekea uji. Kwangu mimi, matumaini ya Kikristo huonekana hapo waziwazi kuliko mahali pengine popote: ombi limesikiwa na Mungu, na jirani naye amelisikia.

Parokia nyingi hudai barua ya jumuiya kabla ya ubatizo au ndoa, na wapo wanaofika kwa ajili ya barua tu. Tusiwafukuze kwa macho. Mpweke anahitaji kisingizio cha kubisha hodi, na barua inatosha.

Ninaowahofia ni wasiofika kabisa. Mlinzi hutoka lindoni wakati wenzake wanafunga sala. Muuguzi yuko zamu. Kijana aliyehamia juzi hajui hata jumuiya yake ni ipi. Zipo jumuiya zilizohamishia sala Jumapili jioni kwa ajili ya watu kama hao, na nyingine hutuma wawili kubisha mlango wa kila mpangaji mpya. Naomba nyingine zifanye hivyo mwaka huu huu.